Mwajiri wa dini na bima yako ya afya hapa Marekani: soma kitabu cha bima kabla hujasaini

MamaKulwa
Salaam wana jukwaa, mlio ughaibuni na mlio nyumbani. Huu ndio msimu wa kuchagua bima za mwaka ujao, na najua dada zetu wengi wameingia kazi za kulea wazee mwaka huu. Mtaletewa makaratasi, mtaambiwa saini hapa na hapa, mtasaini. Na mimi nilisaini hivyohivyo. Naomba msome kwanza yaliyonipata.

Niko Ohio mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye makao ya wazee yanayoendeshwa na shirika moja la dini. Jina silitaji, na sina kinyongo na watu wake. Wazee wanatunzwa vizuri, mshahara haujawahi kuchelewa, na kabla ya zamu ya asubuhi anayetaka kusali anasali. Mimi ni Mkatoliki, mama yangu ni mwana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tangu sijazaliwa, na jumuiya nasali hadi leo kwa simu na watu wa parokia yetu ya nyumbani. Nayatanguliza haya ili pasitokee wa kusema nimekuja kuisema dini vibaya.

Mwaka juzi nilianza kutokwa damu nyingi. Hedhi ya siku kumi na moja, kumi na mbili. Zamu yangu ni ya masaa 12, nikawa natembea na suruali tatu za kazi kwenye begi. Siku moja nilikuwa namgeuza bibi mmoja kitandani, nikaona giza. Nikashika reli ya kitanda mpaka likapita, bibi wa watu ananiuliza, mwanangu, umekula? Nikaenda kupima, wingi wa damu ukasoma 7.6. Ultrasaundi ikaonyesha faibroidi mbili. Daktari akasema kabla hatujafikiria kisu, tujaribu kitanzi chenye homoni, kile kinachopunguza damu. Wala si jambo la kubahatisha, mamlaka ya dawa hapa Marekani imekiidhinisha kwa kazi hiyo tangu 2009.

Kikawekwa. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya bima: huduma hii haimo kwenye mpango wako. Chini yake, kiasi unachodaiwa, dola 1,412. Nikapiga simu nikidhani wamekosea namba. Dada aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwajiri wangu ana msamaha wa kidini, yaani anaruhusiwa kutolipia uzazi wa mpango kwa sababu ya imani yake. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Deni liliniuma, lakini lililofuata liliniuma zaidi. Nikaenda kwa watu wa HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, kuuliza. Nikakalishwa mbele ya kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, nikaanza kumweleza siku zangu ni ngapi na nabadilisha pedi mara ngapi kwa zamu. Maana utaratibu wa mpango wetu ni huu: kitanzi cha kuzuia mimba hakilipwi, kitanzi cha kutibu ugonjwa kinalipwa, mradi daktari aandike barua. Kwa hiyo lazima uthibitishe unakitaka cha nini. Kijana yule alikuwa na aibu kuliko mimi, alikuwa anaangalia kalamu yake muda wote. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari dakika ishirini kabla ya kuwasha.

Kila wiki mbili nakatwa dola 94 za bima. Kwa mwaka ni dola 2,444 zinazotoka kwenye jasho langu, bila kuhesabu anachoweka mwajiri kwa niaba yangu, ambacho nacho ni sehemu ya ujira wangu. Nikajiuliza, sasa imani ya mwajiri imeingiaje humu ndani? Nimesoma kwa miezi. Nitawaandikia nilichokipata, lakini kwanza nasikia kutoka kwenu.

Zamu ya Usiku
Pole sana dada. Damu 7.6 na bado unageuza watu wazima kitandani, Mungu amekulinda. Mimi naomba kuuliza swali la mtu mgeni, nina miezi saba tu hapa. Kwa nini mwajiri anahusika kabisa na mambo haya? Nyumbani nilikuwa mtumishi wa serikali, bima ya taifa, NHIF ya Tanzania, inakatwa asilimia 3 kwangu, mwajiri anaweka 3, basi. Mkurugenzi wangu hakuwa na neno juu ya kitita, awe Msabato awe Mwislamu.

MamaKulwa
Asante ndugu yangu, hilo swali ndilo mzizi.

Bima ya kazini hapa ilikua wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ilizuia mishahara isipande ovyo. Viwanda vilikuwa vinagombania wafanyakazi, na kwa kuwa havikuruhusiwa kuongeza mshahara, vikaongeza bima ya afya. Baadaye sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba anachokilipa mwajiri kwenye bima hakikatwi kodi ya mapato. Tangu hapo mkoba wa matibabu ya mfanyakazi umekaa mkononi mwa bosi. Tazama ulivyoanza: bima ilitolewa MAHALI PA mshahara. Hilo nitalirudia.

Kisha ikaja sheria ya Obama ya 2010. Ikasema huduma za kinga zilipwe na bima bila mgonjwa kuchangia hata senti. Kuanzia Agosti 2012 njia za uzazi wa mpango zikaingia humo: vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kufunga kizazi kwa wanawake. Makanisa, misikiti na masinagogi yakaondolewa tangu mwanzo, na hakuna aliyelalamika sana. Ugomvi ukawa kwa waliobaki: hospitali za dini, vyuo, mashirika ya hisani, halafu na makampuni ya biashara ambayo wenyewe ni watu wa dini.

Kwa mashirika ya dini serikali ikatengeneza njia ya katikati mwaka 2013. Shirika linajaza fomu kwamba linapinga, linatoka, na kampuni ya bima inamlipia mwanamke yenyewe kwa fungu tofauti. Shirika halitoi senti, mwanamke hakosi huduma. Mimi binafsi naiona njia ile ilikuwa ya busara.

Rorya Mashariki
Dada, umenikumbusha kesi ya 2014, ya wenye makampuni waliokataa kulipia baadhi ya njia za uzazi wa mpango kwenye bima. Watu wengi wanakumbuka Hobby Lobby peke yake, maduka ya vifaa vya ufundi na mapambo kule Oklahoma, lakini kulikuwa na kampuni ya pili kwenye kesi ile, ya makabati ya mbao huko Pennsylvania, Conestoga, ya familia ya Kimennonite. Mimi nimezaliwa hospitali ya Shirati. Wamisionari wa Kimennonite walifika kwetu 1934, na mkoa wa Mara mzima unawajua kwa wema wao. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba watu hawa wanajificha nyuma ya dini ili wabane pesa. Wanaamini kweli.

MamaKulwa
Kaka wa Rorya, nakubali, na hata mahakama haikubishana juu ya hilo. Hobby Lobby hawakupinga uzazi wa mpango wote. Kati ya njia 20 walipinga 4: aina mbili za vidonge vya dharura, hivi tunavyoviita P2, na aina mbili za kitanzi. Waliamini vinazuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijishike kwenye kizazi. Madaktari wa wanawake wa hapa walisema P2 hasa hufanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke, lakini mahakama haikuuliza kama imani ni sahihi kisayansi. Iliuliza kama ni imani ya dhati.

Na wasingetii, adhabu ilikuwa dola 100 kwa siku kwa kila mtu aliye kwenye bima. Kwa kampuni yenye wafanyakazi 13,000 hesabu ilifika karibu dola milioni 475 kwa mwaka. Huo ni mzigo, sikatai.

Sheria waliyoitegemea ni ya 1993, ya kurejesha uhuru wa dini, iliyosainiwa na Clinton. Ilizaliwa na kisa cha watu wawili wa Oregon, waumini wa kanisa la Wahindi Wekundu, waliofukuzwa kazi na kunyimwa fidia ya kukosa ajira kwa sababu walitumia peyote, mmea wa kulevya, kwenye ibada. Mahakama ya Juu ikawanyima haki mwaka 1990, nchi ikakasirika, Bunge likatunga sheria ya kuwalinda watu wa namna hiyo. Yaani sheria ilitungwa kumlinda mfanyakazi mnyonge aliyefukuzwa kwa ajili ya ibada yake. Baada ya miaka 21 ikatumiwa na mwenye kampuni dhidi ya bima ya mfanyakazi. Sisemi ni kinyume cha maandishi ya sheria, nasema nikiwaza hilo huwa nanyamaza kimya.

Juni 30, 2014, majaji 5 kwa 4 wakawapa ushindi Hobby Lobby na Conestoga. Lakini shikeni hoja ya Jaji Alito, aliyeandika hukumu. Alisema serikali ina njia ya kuwatosheleza wote, ile fomu ya mashirika ya dini, na kwamba njia hiyo ikitumika wanawake wa Hobby Lobby hawatapoteza chochote, athari kwao ni sifuri. Ushindi ulisimama juu ya sifuri hiyo.

Mtumishi wa Bwana
Tumsifu Yesu Kristo. Dada MamaKulwa, pole kwa ugonjwa na pole kwa aibu ya ofisini, hiyo hakustahili mtu kuipata. Lakini naomba niseme upande wa pili kwa heshima.

Wale Masista Wadogo wa Maskini, waliokwenda mahakamani, ninawafahamu kwa kazi zao. Wana nyumba ya wazee pale Nairobi, nimewahi kuwapelekea mchele na sabuni na kwaya yetu. Wanaogesha wazee wasio na mtu, wanakaa nao usiku wa kufa. Shirika lao lilianzia Ufaransa 1839 kwa mwanamke mmoja aliyempa kikongwe kitanda chake. Watu hao serikali iliwaambia: sainini fomu, au faini. Wao wanasema saini yao ndiyo inayofungua mlango wa jambo wanaloliona ni dhambi. Wewe unasema ni fomu tu. Kwako ni fomu. Mtu akikuambia saini tu hapa kwamba hukubaliani, na saini yako ndiyo inayoanzisha lile usilokubaliana nalo, moyo wako utatulia?

Na hakuna anayelazimishwa kufanya kazi kwa masista. Ukienda kuomba kazi nyumba ya watawa unajua unakwenda wapi.

Bin Seif
Assalamu alaykum. Naingia kama mwajiri. Nina shirika dogo la kuhudumia wagonjwa majumbani, Minneapolis, wafanyakazi 37. Sheria hainilazimishi kutoa bima mpaka nifikishe 50 wa muda wote, lakini natoa, na ukishatoa unafuata masharti.

Ndugu Mtumishi, nimekusikia, na mimi imani yangu siichezei. Vidonge vyenye jelatini ya nguruwe situmii nikipata njia nyingine. Sasa fikiria heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mfanyakazi wangu mmoja, mama wa Kimarekani wa miaka 61, alilazwa na damu imeganda mguuni, akachomwa hiyo kwa siku kadhaa. Ingekuwaje kama mpango wangu ungeandikwa kwamba mimi Bin Seif sishiriki kwenye nguruwe? Jaji Ginsburg aliyepinga hukumu ya 2014 alilitaja hilihili: dawa zitokanazo na nguruwe kwa baadhi ya Waislamu, Mayahudi na Wahindu, kuongezewa damu kwa Mashahidi wa Yehova, chanjo kwa wengine.

Sheikh wangu nilimuuliza. Akaniambia ukimlipa mtu mshahara akanunua asichoruhusiwa kwako, hesabu si yako. Tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hatukufundishwa kumfuata dukani. Na bima kwangu ni mshahara uliofungwa kwenye bahasha nyingine.

MamaKulwa
Bin Seif, Allah akuzidishie. Hiyo bahasha ndiyo niliyokuwa naitafuta maneno yake.

Kaka Mtumishi, Milele Amina. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2013, Jaji Sotomayor aliwazuilia masista fomu ile isiwabane saa chache kabla ya kuanza kutumika, na mimi ningekuwa jaji usiku ule ningefanya hivyohivyo. Sitaki sista alazimishwe asaini kitu kinachomchoma roho. Siku zote nimesimama hapo.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilirudisha kesi zao chini, pande zote zitafute njia. Oktoba 2017 serikali ya Trump ikatoa kanuni mpya: mwajiri mwenye pingamizi la dini, hata kampuni kubwa inayouza hisa, anaweza kutoka kabisa, na fomu ni hiari. Asipojaza, hakuna fungu tofauti, mwanamke anabaki hana kitu. Serikali yenyewe ilikadiria wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangepoteza huduma. Julai 2020 majaji 7 kwa 2 wakasema serikali ilikuwa na mamlaka ya kutoa kanuni hizo. Ginsburg alisikiliza kesi ile kwa simu akiwa kitanda cha hospitali, na akaandika kupinga miezi miwili kabla hajafariki. Agosti 2025 jaji mmoja wa shirikisho huko Philadelphia amezibatilisha kanuni zile, na mvutano haujaisha.

Sasa ile sifuri ya Alito iko wapi? Mwaka 2014 tuliambiwa mwajiri ataachwa na dhamiri yake KWA SABABU mwanamke hatapoteza chochote. Miaka mitatu baadaye nusu ya kwanza ikabaki, ya pili ikaondolewa. Hapo ndipo ninapogombana. Dhamiri ya sista ilindwe, na gharama ya kuilinda tubebe sote kama taifa, asitwishwe mfagiaji na mpishi na mimi.

Kuhusu kujua unakwenda wapi: niliomba kazi kwenye tovuti ya ajira, iliandikwa zamu, mshahara, bima ya afya ipo. Tangazo halikuwa na neno juu ya msamaha. Na nusu ya wenzangu si Wakatoliki. Yupo Mwethiopia wa Kiorthodoksi, wapo Wasomali wanne, yupo dada wa Kilutheri kutoka Moshi. Wanaogesha wazee walewale.

Rorya Mashariki
Naongeza kitu kimoja cha Pennsylvania hukohuko. Mwaka 1982 kulikuwa na kesi ya Edwin Lee, mkulima na seremala wa Kiamishi, dhehebu moja la Kikristo. Waamishi wanaamini kutunza wazee wao ni wajibu wa jamii yao mbele ya Mungu, kwa hiyo akakataa kulipa kodi ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wake. Mahakama ikamwambia: imani yako tunaiheshimu, lakini ukiingia biashara kwa hiari yako, mipaka unayojiwekea wewe usiigeuze kuwa mipaka ya sheria inayowahusu wengine wote. Sheria ilikwisha kumsamehe Mwamishi anayejiajiri mwenyewe. Aliyemwajiri mtu, hapana. Nilipoanza kusoma uzi huu nilikuwa upande wa Conestoga. Sasa naona Lee alipewa haki ndogo kuliko wao, na sielewi kwa nini.

Wanjiru wa Boston
Hamjambo wote. Naomba niongeze kwamba si mambo ya wanawake peke yake. Kuna kampuni ya Texas, Braidwood, mwenyewe ni daktari Steven Hotze. Yeye alipinga bima kulipia PrEP, vidonge vya kukinga HIV, akisema vinamfanya ashiriki tabia asizozikubali. Mwaka 2022 jaji wa Fort Worth alimpa haki kwa msingi wa dini. Juni 2025 kesi ilipofika Mahakama ya Juu waliamua jambo lingine kabisa, jinsi wale wataalamu wa huduma za kinga wanavyoteuliwa, na wakazilinda huduma hizo kwa majaji 6 kwa 3. Hoja ya dini hawakuigusa.

Mimi nimefanya kazi kliniki ya Kisumu kabla nije huku. Kenya tulianza kutoa PrEP nchi nzima mwaka 2017. Waliokuja kuchukua walikuwa wake za wavuvi na mabibi harusi ambao waume zao wana virusi. Mama wa watoto watatu anayempenda mume wake. Nikisoma kwamba kidonge hicho ni cha watu wa tabia fulani, nakumbuka nyuso zao.

Mtumishi wa Bwana
Nimewasoma wote. Bin Seif, hoja ya mshahara nimeipokea, sina jibu la haraka. Bado nasema masista wasiguswe. Kama serikali inaona uzazi wa mpango ni haki, serikali ilipe yenyewe moja kwa moja, mwajiri asiingizwe hata kwa karatasi.

MamaKulwa
Kaka, hapo tumekutana, na naomba usidhani nakufariji. Jambo hilo lilikaribia kuwepo. Mapema 2023 serikali ya Biden ilipendekeza njia ambayo mwanamke angekwenda mwenyewe kwa mtoa huduma, mtoa huduma alipwe kwa utaratibu wa serikali, mwajiri asisaini, asiarifiwe, asijue. Sista na dhamiri yake, mimi na kizazi changu, kila mtu mahali pake. Desemba 2024 wakaliondoa pendekezo lenyewe. Kwenye habari halikupewa hata dakika mbili. Mimi nililia.

Neema Kolombasi
Dada naomba msaada. Naanza kazi Jumatatu hospitali ya dini, nina watoto watatu, mdogo ana miezi mitano, natumia sindano. Niulize nini na nimuulize nani bila kuonekana mkorofi kabla sijaanza?

MamaKulwa
Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Usiulize kwa mdomo mambo ya mwili wako. Omba kwa barua pepe kitabu kizima cha bima, si kile kipeperushi chenye picha za familia. Ni haki yako kukipata. Ukikipata nenda moja kwa moja kwenye orodha ya yasiyolipwa, huwa iko nyuma huko. Tafuta uzazi wa mpango, kufunga kizazi, matibabu ya kutafuta mtoto. Tafuta na neno matibabu karibu yake, kwa sababu mipango mingi ya Kikatoliki inalipia homoni zikiwa dawa ya ugonjwa. Mpango wetu ulikuwa hivyo na sikujua.

Halafu uliza swali hili moja: je, madai analipa mwajiri mwenyewe, au amenunua bima kwa kampuni? Kadi yako itakuwa na nembo ya kampuni kubwa ya bima na utadhani ndiyo inayolipa. Mara nyingi haipo hivyo. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima za kazini hapa, pesa ni ya mwajiri, kampuni ya bima inashughulikia makaratasi tu. Hiyo ina maana kubwa, maana yapo majimbo yenye sheria za kulazimisha bima zilipie uzazi wa mpango, lakini mwajiri anayelipa madai mwenyewe sheria hizo za jimbo kwa kawaida hazimfikii, anafuata za shirikisho.

Wakikataa dai, una siku 180 za kukata rufaa tangu upate barua. Rufaa ipeleke kwenye anwani iliyo kwenye barua, na daktari apeleke maelezo hukohuko. USIENDE HR kama nilivyokwenda. Baadaye nesi mmoja mzoefu aliniambia sikuwa na wajibu wowote wa kumweleza yule kijana neno hata moja. Ofisi ya daktari ingeliweza kumaliza na wasimamizi wa bima bila mtu wa kazini kujua nina kizazi.

Na kwa sindano yako, kama haimo, tafuta kliniki zinazopata fedha za serikali kwa uzazi wa mpango, zipo tangu 1970 na zinatoza kwa kuangalia kipato. Beba hati mbili za mwisho za mshahara. Kama utakubali kuhamia vidonge, kipo cha kununua bila cheti cha daktari tangu 2024, Opill, kama dola 20 kwa mwezi, na kwa kuwa unanyonyesha kina homoni moja tu, lakini muulize mfamasia kwanza.

Neema Kolombasi
Asante dada yangu. Nimewaandikia sasa hivi. Nimeomba kitabu tu, sijasema kingine.

Zamu ya Usiku
Dada MamaKulwa hukutumalizia. Ile 1,412 iliishaje?

MamaKulwa
Daktari wangu aliandika barua ya kurasa mbili, akaambatanisha picha ya ultrasaundi na majibu ya damu. Ilichukua wiki tisa. Barua ya pili ikasema dai limekubaliwa kama matibabu, nikabaki na dola 60. Damu yangu mara ya mwisho ilisoma 12.1, na suruali ya kazi siku hizi nabeba moja.

Yule kijana wa HR tunapishana kwenye korido kila wiki. Ananisalimia vizuri, namwitikia vizuri. Hajawahi kuniangalia machoni tangu siku ile, na mimi pia naona ni vigumu.